Kisanduku Nacho Kina Mizani Yake

Wapo washairi wenzangu wanaovibeza vibonzo kwa hoja kwamba picha huua lugha. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Mswada wa televisheni ukihamishiwa kwenye riwaya ya picha, mtunzi anaweza kurejeshewa kile alichopokonywa studioni. Nayo kazi ya kuuhamisha humfaa mtu aliyezoea kuhesabu mizani.

Ushahidi wangu ni The City on the Edge of Forever, mswada ambao Harlan Ellison aliutungia mfululizo wa Star Trek nchini Marekani. Ulirushwa hewani mwaka 1967 ukiwa umeandikwa upya na mikono mingine, ukiwemo wa Gene Roddenberry, mwasisi wa mfululizo huo. Nahodha Kirk anarudi nyuma hadi miaka ya 1930, anampenda Edith Keeler, kisha anatambua kwamba mwanamke huyo hana budi kufa ili historia isipinduke. Katika kipindi kilichorushwa, Kirk mwenyewe anamzuia daktari asimwokoe. Katika mswada wa Ellison, mapenzi yanamshinda Kirk, na rafiki yake Spock ndiye anayezuia uokozi. Tofauti ni ya tendo moja tu, lakini ndiyo inayoamua iwapo tunasoma habari za shujaa au za binadamu. Ellison aliulilia mswada huo kwa miongo. Mwaka 2014 Scott Tipton na David Tipton waliugeuza kuwa vibonzo, J.K. Woodward akachora, na Kirk yule dhaifu akapata sura.

Hata hivyo, kuhamisha si kunakili. Niliwahi kujaribu kwa mswada wangu mwenyewe. Mama alimpokea mwanawe kwa maneno mengi: kwamba amekaa mlangoni tangu magharibi, kwamba hakula, kwamba usiku ulikuwa mrefu. Mwigizaji angeyatamka kwa pumzi mbili. Ndani ya kisanduku yalimfunika mama uso. Nikayafuta. Mchoraji akachora kizingiti, sahani iliyofunikwa na kibatari kilichokwisha mafuta. Mama akabakiwa na neno moja: "Umerudi." Picha haikuliua neno hilo, ililiondolea mizigo.

Kimya nacho hubadili makao. Kwenye televisheni hupimwa kwa sekunde. Kwenye karatasi hukaa katika uwazi mweupe baina ya visanduku, mithili ya pumzi kati ya ukwapi na utao. Pigo la hadithi nalo lafaa lisubiri ng'ambo ya ukurasa, ili mkono wa msomaji ndio ulifichue.

Vibonzo si vigeni kwetu. Wasomaji wa Taifa Leo wamecheka kwa miaka mingi na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Kinachonisikitisha ni miswada yetu ya tamthilia, ambayo huigizwa mara moja kisha ikalala kabatini pamoja na Kiswahili chake chote. Tukiwaachia wachoraji peke yao kazi ya kuifufua, tusije tukalalamika kwamba lugha imepwaya. Anayeweza kubana kisa katika mizani kumi na sita ana ustadi ambao kisanduku kinauhitaji. Tukae nao meza moja, tukate maneno pamoja.