Dhahabu ya Songwe na gundi inayoifuga

Dhahabu ya Saza na Mkwajuni, mkoani Songwe, huchimbwa, hupigwa kwenye karasha, huuzwa kwa gramu na kuondoka. Wachache hutambua kwamba madini hayohayo huingia Tunduma kwa mlango wa zahanati: mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria mara nyingi ni chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi. Unywele ni mpana mara elfu mbili zaidi.

Kwa udogo huo dhahabu huacha unjano wake, ikawa nyekundu kama juisi ya rozela. Chembe hizo huzaliwa majini. Chumvi ya dhahabu huyeyushwa, kemikali nyingine ikaigeuza kuwa atomi za metali, nazo huanza kukusanyika. Zikikosa wa kuzizuia hugandamana, maji yakawa bluu, na mwishowe dhahabu hutuama chini.

Mzuiaji anaweza kuwa polima. Minyororo yake mirefu huizingira kila chembe, na aina yake pamoja na wingi wake huchangia kuamua ukubwa, hata umbo. Mwaka 2002 Yugang Sun na Younan Xia, wakiwa Marekani, walitumia polivinilipirolidoni (kuitumia ni rahisi kuliko kuitamka) wakapata vijichemraba vya fedha, kwa kuwa polima hiyo hushika zaidi baadhi ya pande za fuwele. Kabla yao, Richard Zsigmondy, mshindi wa Nobel ya Kemia ya 1925, alipima miligramu za polima za asili, kama jelatini au gundi ya mgunga, zinazotosha kuikinga dhahabu isigandamane ikitiwa chumvi. Jelatini iliishinda gundi kwa mbali.

Tangu masoko ya madini yaanzishwe Tanzania mwaka 2019, mazungumzo ya kuongeza thamani huishia kwenye kusafisha dhahabu. Ni upeo mfupi. Gramu moja ya dhahabu hutoa chembe zaidi ya trilioni elfu moja za nanomita 40. Kinachopungua ni ujuzi, wala si mzigo. Hata hivyo, ujuzi wa nano si mgeni nchini: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia teknolojia ya nano.

Kutengeneza vipimo vya malaria ni safari ndefu: kingamwili ni kazi ngumu kuliko dhahabu, na ubora lazima uthibitishwe. Lakini Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko jirani. Kingeweza kununua gramu chache Mkwajuni, kikatengeneza chembe za mafunzo kwa maabara za vyuo vya nchini, kabla ya kufikiria zahanati.