Wenzangu saba wananisubiri

Saa moja na nusu usiku, katika nyumba ya ghorofa hapa Langley Park, si mbali na makutano ya University Boulevard na New Hampshire Avenue. Mama ametoka kazini, amesonga ugali, ametenga meza. "Mwanangu, chakula kinapoa." Sauti inatoka chumbani: "Mama, naomba dakika kumi. Wenzangu saba wananisubiri." Siku ya tatu mama alichomoa waya wa intaneti, na nyumba nzima ikalala imenuna.

Mama huyu ni jirani yangu. Aliponisimulia, nilimwambia akae na kijana jioni moja, atazame tu. Alikubali, nami nikaenda.

Mchezo wenyewe ni Final Fantasy XIV, wa kampuni ya Square Enix ya Japani. Sehemu zake ngumu huchezwa na watu wanane: wawili hupokea mapigo ya zimwi, wawili hutibu wenzao, wanne hushambulia. Mapigo hayo hufuata mpangilio unaoweza kukaririwa, kama hatua za ngoma. Kila mmoja ana mahali pa kusimama na sekunde ya kuhama. Akikosea mmoja, mara nyingi wanakufa wote na kuanza upya.

Hujifunza hivi. Kwanza hutazama video za waliotangulia. Kisha hugawana nafasi, halafu hurudia. Jaribio la kwanza laweza kuisha dakika ya kwanza. Baada ya majaribio mengi wanafika ya tatu. Kila wakifa wanaulizana: nini kimetuua, na nani ahamie wapi? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mapambano magumu kabisa, yaitwayo Ultimate, yalianza kutolewa mwaka 2017. Moja huchukua karibu dakika 20, na vikundi vingi huyafanyia mazoezi kwa wiki nyingi.

Kuna na adabu zake. Anayetafuta kikundi hutangaza amefika hatua ipi. Akidanganya, hugundulika upesi, na amewapotezea watu saba jioni yao.

Hapo mama akaelewa kwa nini kuchomoa waya kulileta vita: alikuwa amewakatiza wanane, si mmoja. Lakini kijana naye alipata somo lake. Kabla ya pambano, wahusika hula chakula cha mchezoni kinachowapa nguvu kwa dakika 30. Mama akauliza, "Huyu wa kwenye kioo amekula. Wewe je?" Kijana akacheka, jibu hana.

Mzazi mwenzangu, badala ya kuuliza "utazima lini?", uliza "ratiba yenu ni ipi?" Vikundi makini huwa na siku maalumu, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ratiba hiyo ibandikwe kwenye friji. Chakula kiliwe kabla. Dakika kumi za mwisho lisianzishwe jaribio jipya. Wiki ya mitihani, kijana awaage wenzake mapema, kama anavyoaga mtu anayesafiri. Kikundi kisichokubali hayo hakimfai.

Kama anacheza na binamu zake wa Mombasa au Dar es Salaam, Jumamosi saa saba mchana ni wakati mzuri. Kwao ni saa mbili usiku kati ya Machi na mwanzo wa Novemba, na saa tatu miezi ya baridi. Hakuna atakayekesha.

Nanyi wanafunzi, mbinu hii mnaijua tayari. Ihamishieni kwenye hesabu. Kaeni wachache, kila mtu aseme ukweli amefika wapi, mtafute hatua inayowaangusha. Tena nyinyi mna nafuu: zimwi hukulazimisha kuanza mwanzo kila unapokufa, lakini swali la hesabu unaweza kulirudia palepale ulipokwama.

Kwa jirani yangu sasa wanakula saa moja, mazoezi yanaanza saa mbili na kuisha saa nne. Juzi nilimuuliza kijana kama wameshinda. Bado, zimwi limebakiza nguvu kidogo tu. Mama yake akadakia kutoka jikoni: wanajaribu tena Alhamisi.