Soma Kosa Kwanza, Ndipo Uulize

Anayeanza leo kujifunza kuandika programu ana bahati ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo. Tangu akili mnemba ya ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, anaweza kuuliza swali lolote, saa yoyote, kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili. Si jambo dogo. Lugha za programu karibu zote hutumia maneno ya Kiingereza, ujumbe wa hitilafu huja kwa Kiingereza, na vitabu vya fani hii kwa lugha yetu ni vya kuhesabika. Wako walioishia njiani si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa wa kuwafafanulia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka mwanafunzi apigwe marufuku kutumia akili mnemba.

Ila namna tunavyoitumia inanitia wasiwasi.

Chukua kijana anayeandika kwa Python programu ya kujumlisha mauzo ya genge. Anaomba bei mbili kwa amri ya input, anaingiza 500 kisha 300, anazijumlisha. Kompyuta inamjibu 500300. Haikulalamika popote, programu imekwenda hadi mwisho. Somo lenyewe liko hapo: input hurudisha maandishi hata kama umebonyeza tarakimu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi huyaunganisha tu. Akilikalia jambo hilo kwa muda, akaiuliza Python kwa amri ya type kila alichoingiza ni kitu gani, ataelewa aina za data kwa namna ambayo hatasahau. Akiibandika programu nzima kwenye akili mnemba na kuandika "nirekebishie", atarudishiwa input iliyozungushiwa int, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, jibu litakuwa 800, naye ataendelea na mengine. Siku akiongeza uzito kwenye programu na mteja akitaka kilo 2.5 za sukari, int itakataa, na kijana hatajua pa kuanzia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilipima jambo linalofanana na hili kwa wanafunzi wa sekondari nchini Uturuki, katika hisabati. Waliopewa akili mnemba ya GPT-4 ya kawaida walifanya mazoezi vizuri kuliko wenzao. Ilipoondolewa wakati wa mtihani, alama zao zikawa chini kwa asilimia 17 kuliko za wale ambao hawakuwahi kuipata. Kundi jingine lilipewa iliyoelekezwa kutoa vidokezo badala ya majibu, na madhara hayo kwa sehemu kubwa yakatoweka. Hisabati si programu, lakini anayefundisha programu ataitambua hali hiyo mara moja. Chuo Kikuu cha Harvard nao, katika kozi yao ya kompyuta iitwayo CS50, waliunda msaidizi anayemwongoza mwanafunzi bila kumtolea jibu.

Huna haja ya kusubiri chuo kikuundie wa kwako. Andika: "Nilitarajia 800, nimepata 500300. Nadhani tatizo liko kwenye mstari wa tatu. Usinipe programu, niulize swali moja litakalonisaidia kuliona kosa." Hilo "nadhani" ndilo lenye uzito, hata dhana ikiwa si sahihi, maana huwezi kulisema bila kuusoma tena mstari wako. Ujumbe wa hitilafu usipouelewa, omba utafsiriwe, kisha rudi kwenye programu mwenyewe. Na ukitajiwa maktaba usiyoijua, hakikisha ipo na inaaminika kabla ya kuisakinisha: akili mnemba hubuni majina, na wahalifu wanaweza kuyasajili majina hayo wakaweka humo programu hasidi.

Walimu nao wana sehemu yao. Programu inayofanya kazi haitoshi tena kuwa ushahidi wa kuelewa. Mkalishe mwanafunzi, badilisha sharti moja, umwombe airekebishe mbele yako.

Mazoezi ya toleo hili tumeyachapa bila majibu, ambayo yatatoka toleo lijalo. Mtakapotuandikia, tuleteeni pamoja na programu zenu maswali mliyoiuliza akili mnemba, kama yalivyokuwa. Tutayasoma maswali kabla ya programu.