Mtu Hujikuna Ajipatapo



Wazee wetu walisema, "Mtu hujikuna ajipatapo," maana yake, kila mtu hutenda kadiri ya uwezo wake. Lakini mwenye kuwashwa na ngozi na ashike neno jingine: hata pale ajipatapo, afadhali auzuie mkono.

Sababu ni hii. Katika ngozi imetandazwa mishipa ya fahamu, ipelekayo habari ubongoni: hapa pana moto, hapa panawasha. Lakini mishipa hiyo si tarishi tu. Mwezi wa Januari 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walieleza waliyoyaona kwa panya wenye ngozi iliyowaka kwa mzio. Waliovishwa kola wasiweze kujikuna walivimba kidogo. Walioachwa wajikune walivimba zaidi. Kwa maana kucha huamsha mishipa ya maumivu, nayo hutoa kemikali ijulikanayo kwa herufi P, ambayo huchochea chembe za ulinzi zilizomo ngozini. Ndipo uvimbe huongezeka. Ni sawa na kupepea moto tukitaka uzimike.

Jambo hili latuhusu kwa ajili ya upele. Mahali penye watu wengi, kama kambi ya Lusenda kando ya Ziwa Tanganyika, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, upele ukiingia hupita upesi toka ngozi hata ngozi. Aupataye mara ya kwanza aweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wenzake. Kisha mwasho huja, nao huzidi usiku. Mtoto hujikuna, ngozi huchubuka, vijidudu huingia, vidonda hutunga usaha. Na madhara yake yaweza kufika hata kwenye figo.

Basi, baba na mama, msimpige mtoto ajikunaye, wala msimcheke jirani. Mkateni kucha, mpelekeni kituo cha afya. Wote wa nyumba moja watibiwe pamoja, hata wasiowashwa. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mwasho ukidumu wiki mbili tatu baada ya dawa, msikate tamaa: mwili haujatulia bado.

Tena, dawa ya kupaka hupakwa toka shingoni hata nyayo, na mgongoni mtu hajipati. Hapo ndipo Mungu alipomwekea jirani.