Benki Kuu, Fungueni Msimbo wa Wanagenzi!

Wadau, leo tuongee pesa. La, si M-Pesa. Naongea juu ya wanafunzi wa shahada ya uzamifu katika uchumi ambao benki kuu huwachukua kwa miezi kadhaa wafanye utafiti. Benki Kuu ya Ulaya pale Frankfurt inao, na inawalipa posho. Ukiwa Mkenya usijisumbue kuomba, wanataka raia wa Umoja wa Ulaya. Hilo sina ugomvi nalo, posho ni yao. Ugomvi wangu ni juu ya kile mwanagenzi anachoacha nyuma akiondoka.

Siku hizi mtafiti wa uchumi ni mwandishi wa programu, apende asipende. Anashinda kutwa kwenye MATLAB, R au Python. Makala yake ni maelezo tu, kazi yenyewe imo ndani ya msimbo. Sasa kama hakuna sharti la kuutoa, muda wake ukiisha akaunti inafungwa, makala inachapishwa, na msimbo unabaki kwenye seva ambayo mimi na wewe hatuifikii. Halafu tunaambiwa tuamini!

Mimi siamini, na sababu ninayo. Mwaka 2010 maprofesa Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff waliandika kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wao hukua kwa wastani wa asilimia -0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakaidaka hoja hiyo kutetea kupunguza matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamifu huko Massachusetts, akapewa faili yao ya Excel. Kumbe fomyula ya wastani iliruka nchi tano! Yeye na walimu wake wawili waliporekebisha hilo pamoja na kasoro nyingine walizoziona, wakapata asilimia 2.2. Maprofesa walikiri kosa la Excel, ingawa mengine waliyabisha.

Angalia ni nani aliyelinasa kosa: mwanafunzi. Na alilinasa kwa sababu aliiona faili. Bila faili tungekuwa bado tunabishana kwa maneno matupu.

Najua nitajibiwa kwamba takwimu za benki ni siri. Sawa, ficheni takwimu. Toeni msimbo, na takwimu za kubuni za kuujaribia. Tena msiniambie haiwezekani. Mwaka 2014 Federal Reserve kule Washington iliweka hadharani mfumo wake wa FRB/US. Mwaka 2015 tawi la New York likahamisha mfumo wake kutoka MATLAB hadi Julia na kuuweka GitHub. Dola haikuanguka.

Ninachodai ni mstari mmoja kwenye mkataba wa kila mwanagenzi: siku makala inapotoka, msimbo nao unatoka, kama programu huria. Na Benki Kuu yetu pale Haile Selassie Avenue isingoje Frankfurt ianze. Utafiti ukisukuma riba juu, atakayelipa ni mama mboga mwenye mkopo. Ana haki ya kutaka hesabu hizo zikaguliwe na mtu asiyelipwa na benki.

Wewe waonaje? Kama unafanya kazi benki, nipinge kwa hoja.