Maiti si mali ya ukoo

Ndugu wanapokwenda mahakamani kuweka zuio ili maiti isitoke mochwari, gazeti hili liko upande mmoja, na si upande wa ukoo. Neno la marehemu lisikilizwe kwanza. Kama hakuacha neno, aamue mke au mume aliyekuwa akiishi naye, kisha watoto wake wakubwa. Ukoo una haki ya kulia, kushauri na kuchimba kaburi. Kunyang'anya maiti si haki yake.

Tunawaambia hasa watu wa Suguti na vijiji vyote vya Musoma, Bunda na Butiama. Huku mtu huzikwa nyumbani, kwenye mji wake au wa baba yake. Shauri la shamba likifika baraza la ardhi, makaburi ndiyo huonyeshwa kwanza kuthibitisha nani alitangulia kukaa pale. Kwa hiyo ugomvi wa mahali pa kuzika mara nyingi ni ugomvi wa shamba uliovishwa sanda. Aliyeshinda kaburi leo, kesho humwambia mjane afungashe.

Na mjane huambiwa nini? Kwamba mahari haikuisha, kwa hiyo hakuwa mke. Huo ni uongo mbele ya sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya sheria hiyo ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa. Kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakijulikana hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwanamke naye akifa, wapo wa kwao wanaozuia mazishi mpaka ng'ombe waletwe. Kudai ng'ombe juu ya jeneza la mama mbele ya watoto wake ni ukatili, hata ukifanywa na wazee tunaowaheshimu.

Wakenya walilipitia jambo hili mbele ya macho ya dunia. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, akisema hayo ndiyo aliyoyataka mwenyewe. Ukoo wa Umira Kager ulimtaka Nyalgunga, Siaya. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi kwa mila ya Kijaluo. Marehemu alizikwa tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufariki, na mjane hakuwapo.

Uamuzi ule ulikosea. Mtu alichagua mke, kazi na mahali pa kulelea watoto, kisha akaambiwa akiwa maiti kwamba uchaguzi wake wote hauna uzito mbele ya damu. Mahakama zetu hazifungwi nao, na zisiufuate. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la 1969, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitazama namna marehemu alivyoishi, si kabila alilozaliwa tu. Kipimo hicho kitumike na kwenye kaburi.

Hatudharau kuzikwa kwa wazee. Mwalimu Nyerere amelala Mwitongo, Butiama, tangu tarehe 23 Oktoba 1999, na taifa zima lilimsindikiza huko. Lakini heshima ya kurudishwa kwa wazazi haipatikani kwa kumburuta mjane mahakamani huku maiti ikisubiri.

Marehemu akiwa ameacha wake wengi, aamue yule aliyekuwa akimuuguza.

Kanuni za wosia za kimila za 1963 zinataka wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Watu huzitumia kugawa ng'ombe na mashamba. Mbele ya mashahidi haohao, taja na mahali utakapozikwa, ungali mzima.

Bunge nalo litunge sheria inayotaja mpangilio huu wa haki ya kuzika na kuitaka mahakama ya mwanzo iamue shauri la maiti ndani ya siku 3. Mpaka sheria hiyo ije, hakimu atakayeletewa ombi la zuio aulize kwanza kama marehemu aliacha neno; kama hakuacha, aulize aliishi na nani, na maiti amkabidhi huyo.