Isike Naye Alikuwa na Ikulu

Ngoja niseme wazi bila kuzunguka: Tabora tumetunza nyumba aliyofikia mgeni, tukaisahau ngome aliyofia mwenyeji.

Hivi karibuni nilikuwa Lusu, kule Nzega. Wengi mnaijua Lusu kwa dhahabu ya Golden Pride, ule mgodi ulioanza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa miaka ya 2010. Dhahabu ikiisha watu huuliza, sasa tumebaki na nini? Jibu langu ni kwamba tumebaki na historia, ila hatujui kuisimulia.

Kutoka Lusu nikaenda Tabora mjini. Nikauliza njia ya Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, na bodaboda wa kwanza tu akanipeleka. Ni kweli Livingstone alikaa pale mwaka 1872 akisubiri wapagazi, baada ya Stanley kuondoka Machi, hadi naye alipoondoka Agosti. Sina ugomvi na tembe lile. Lakini nilipouliza kwa Isike, nikajibiwa: "Isike yupi, kaka? Ana duka?"

Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita kwenye nchi yake, naye akaitoza ushuru. Wajerumani walipotaka kuishika njia ile, aliwagomea. Mwaka 1892 walimshambulia na ngome ikawashinda. Januari 1893 akaja Tom von Prince, yule tuliyemwita Bwana Sakarani, na safari hii kuta zikavunjwa. Isike hakutaka kukamatwa. Aliingia kwenye ghala la baruti akalilipua, yeye akiwa ndani.

Wajerumani waliiita ngome ile Kwikuru, yaani kwenye ikulu. Umeona? Neno unalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Ikulu haikuwa makazi tu. Mtemi ndiye aliyetambikia mababu zake kwa niaba ya nchi nzima, kwa hiyo ngome na mahali patakatifu vilikwenda pamoja.

Sasa twende India kidogo. Kule Rajasthan kuna ngome sita za vilimani zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2013. Mojawapo ni Chittorgarh, na ndani ya kuta zake kuna mahekalu ya kale ya Wahindu na ya Wajaini. Ngome hiyo ilitekwa mara tatu: 1303, 1535 na 1568. Mara tatu! Lakini Wahindi hawaoni aibu kuipanda na watoto wao, kwa sababu wanakwenda kuwaheshimu waliokataa kusalimu amri. Isike alishindwa mara moja tu, sisi tukamfuta.

Mtu ataniambia kuta za India ni za mawe, zetu za udongo zililiwa na mvua. Sawa. Tembe la Livingstone nalo ni la udongo, na limesimama kwa sababu kuna watu waliamua lisimame.

Mwingine atasema Isike hakuwa malaika, nchi yake ilikula faida ya pembe na ya watumwa. Ni kweli, na hilo nalo lisimuliwe palepale, bila kupaka rangi. Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia hii UNESCO kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara imo. Vizuri. Lakini njia hiyo hiyo ilitembewa na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba kama frasila mbili kichwani au begani kwa ujira wao, na ilipita mbele ya ikulu za watemi. Hao nao wana haki ya kuwa na mahali pao.

Sidai mamilioni. Kibao kimoja barabarani, mzee mmoja anayelipwa kusimulia, na basi la wanafunzi kutoka Lusu mara moja kwa mwaka. Mtoto akirudi nyumbani akiwa anajua ikulu ya kwanza aliyoisikia haikuwa ya Magogoni, hiyo itanitosha.

Wewe uliyesomea Tabora, uliwahi kupelekwa kwa Isike? Niambie.